Je, Wajua? Alamisho Moja Yaweza Kukitangaza Chuo Kikuu

Tovuti za alamisho za pamoja ni zile ambako mtu huhifadhi kiungo cha ukurasa alioupenda, akakipa lebo, kisha wengine wakakiona na kukifuata. Kwa chuo kinachotafuta wanafunzi, alamisho ya namna hii ina uzito zaidi kuliko bango la barabarani, kwa sababu haikuwekwa na ofisi ya masoko. Imewekwa na msomaji aliyeona kwamba ukurasa ule unafaa kutunzwa. Yafuatayo yatakusaidia kuelewa jinsi jambo hili linavyofanya kazi.

Je, wajua kwamba alamisho za pamoja zilitangulia Google?

Tovuti ya itList iliwawezesha watu kuhifadhi viungo mtandaoni na kuwaonyesha wenzao tangu Aprili 1996, miaka miwili kabla ya kampuni ya Google kuandikishwa. Hata hivyo, iliyoupa mtindo huo umaarufu ni Delicious, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Joshua Schachter, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Yahoo iliinunua Desemba 2005. Kufikia mwisho wa mwaka 2008 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 5 na viungo vipatavyo milioni 180.

Je, wajua kwamba nyingi za tovuti hizi zina asili ya chuoni?

StumbleUpon ilianzia Calgary, Kanada, mwaka 2001, na mmoja wa waanzilishi wake, Garrett Camp, alikuwa akisoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Calgary. Huyu ndiye aliyekuja kushiriki kuanzisha Uber. Reddit ilifunguliwa Juni 2005 na Steve Huffman na Alexis Ohanian, waliokuwa wakiishi pamoja walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia. CiteULike, iliyowahudumia watafiti wanaokusanya makala za kisayansi, ilitengenezwa na Richard Cameron mwaka 2004 alipokuwa Chuo Kikuu cha Manchester. BibSonomy ilitoka Chuo Kikuu cha Kassel, Ujerumani. Nayo maktaba ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilijijengea mfumo wake, PennTags, ili wanafunzi na wahadhiri waweke lebo kwenye vitabu, makala na kurasa walizozitumia.

Je, wajua kwamba hata hesabu ya Google ya thamani ya kiungo ilizaliwa chuoni?

Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walikuwa wanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford walipobuni hesabu ya PageRank, inayokichukulia kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kama kura. Wazo hilo walilichota kwenye desturi ya wasomi: makala inayonukuliwa na wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Hataza ya uvumbuzi huo ilikuwa mali ya Stanford, na chuo kilipouza hisa kilizopewa na Google, kilipata takriban dola milioni 336.

Je, wajua kwamba kuna orodha ya vyuo inayohesabu viungo?

Tangu mwaka 2004, maabara ya Cybermetrics iliyo chini ya baraza la utafiti la Hispania, CSIC, imekuwa ikipanga vyuo vikuu vya dunia katika orodha ya Webometrics. Nusu ya alama hutokana na mwonekano, yaani jinsi tovuti nyingine zinavyoelekeza viungo kwenye tovuti ya chuo. Vyuo vya Kenya, Tanzania na Uganda hujivunia nafasi zao katika orodha hiyo kila inapotoka. Orodha hii haipimi jinsi mhadhiri anavyofundisha darasani, lakini inathibitisha jambo moja: kazi ya wasomi isiyowekwa mtandaoni haiwezi kuelekezewa kiungo na mtu yeyote.

Je, wajua kwamba kununua mamia ya alamisho ni kutupa fedha?

Wapo wanaoviuzia vyuo vifurushi vya alamisho, wakiahidi kwamba jina la chuo litapanda juu kwenye matokeo ya utafutaji. Januari 2005, Google, Yahoo na MSN zilikubaliana juu ya alama maalumu inayowekwa kwenye kiungo ili kuiambia injini ya utafutaji isikihesabu kama kura. Tovuti nyingi za alamisho ziliichukua ili kuwazuia watumaji wa takataka. Kwa hiyo alamisho yenye faida ni ile inayomleta mtu halisi kwenye ukurasa: mzazi anayeulizia ada, au kijana aliyemaliza kidato cha sita anayetafuta kozi. Akaunti 300 za bandia hazilipi ada ya mwanafunzi hata mmoja.

Je, wajua kwamba lebo hukuonyesha lugha ya waombaji wako?

Katika Delicious na wenzake, lebo hazikupangwa na wakutubi. Kila mtu aliandika neno lililomjia. Hapo ndipo chuo kinaweza kujifunza. Tovuti ya chuo huandika “Kurugenzi ya Masomo ya Shahada za Awali”, ilhali mwombaji anatafuta “ada”, “mkopo”, “hosteli” na “sifa za kujiunga”. Mwanafunzi wa Tanzania anayeuliza habari za “boom” anataka kujua fedha za kujikimu zitaingia lini, na mwenzake wa Kenya atauliza habari za HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Ofisi ya udahili inayoyaokota maneno hayo na kuyatumia kwenye vichwa vya kurasa zake huwa imemsogelea mwombaji kabla hata hajapiga simu.

Je, wajua kwamba kichwa cha ukurasa kinaweza kuipoteza alamisho?

Mtu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, visanduku hujitokeza: anwani, kichwa, maelezo mafupi na lebo. Sanduku la kichwa hujazwa lenyewe kwa maneno aliyoyaandika fundi wa tovuti. Ikiwa fundi aliandika “Mwanzo” tu, alamisho itaitwa “Mwanzo”, na baada ya wiki mbili mwombaji hatakumbuka ilikuwa ya chuo gani. Hali ni hiyo hiyo kwa jedwali la ada lililopigwa skani na kupandishwa kama faili lisilo na jina la maana. Kichwa kizuri hutaja kozi, chuo na mwaka: “Shahada ya Uuguzi: sifa, ada na tarehe za maombi”, kisha jina la chuo na mwaka. Kukirekebisha hakugharimu shilingi.

Je, wajua kwamba Reddit ilikuwa na mwongozo kuhusu kujitangaza?

Kwa miaka mingi mwongozo wake ulishauri kwamba viungo vya kazi yako mwenyewe visizidi takriban kimoja katika kila kumi unavyoweka. Anayekuja kupiga debe tu hupigiwa kura za kumshusha, na wasimamizi wanaweza kumwondoa. Mwakilishi wa chuo anayetumia jina lake la kazi na kujibu maswali ya mkopo na malazi kwa ukweli hupokewa vizuri, hata pale jibu linapokuwa “hosteli zimejaa”.

Je, wajua ni kurasa zipi hutunzwa?

Mwaka 2001, MIT ya Marekani ilitangaza kwamba itaweka vifaa vya kozi zake mtandaoni bure kupitia mpango wa OpenCourseWare, na kozi za kwanza zilitoka mwaka uliofuata. Septemba 2007, Profesa Randy Pausch wa Carnegie Mellon, aliyekuwa akiugua saratani ya kongosho, alitoa mhadhara kuhusu kuzitimiza ndoto za utotoni. Video yake ilitazamwa na mamilioni kwa watu kupashana kiungo. Hakuna kati ya hayo lililotengenezwa kama tangazo, lakini yote mawili yaliwafikisha watu wengi zaidi kwenye majina ya vyuo hivyo kuliko vipeperushi vingi.

Je, wajua kwamba viungo hufa?

Taasisi ya Pew Research Center ilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Vyuo vinachangia hali hiyo kila vinapobadilisha tovuti bila kuzielekeza anwani za zamani kwenye mpya. Hapo kila alamisho iliyohifadhiwa na mwombaji, mwalimu wa shule au mhitimu hugeuka kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani. Tovuti za alamisho zenyewe nazo hupita. StumbleUpon, iliyonunuliwa na eBay kwa dola milioni 75 mwaka 2007, ilifungwa Juni 2018. Delicious iliuzwa mara kadhaa, hadi mwaka 2017 ilipochukuliwa na tovuti nyingine ya alamisho, Pinboard, kwa dola 35,000. CiteULike ilifungwa mwaka 2019, na Pocket mwaka 2025.

Kwa hiyo, ndugu unayeshughulikia masoko ya chuo, usianze na akaunti mpya. Anza na tovuti yako. Andika ukurasa mmoja wa kila kozi wenye ada kamili, sifa za kujiunga, tarehe na namba ya simu inayopokelewa. Upe kichwa kinachoeleweka, uhakikishe unafunguka upesi kwenye simu ya bei nafuu, na usiibadilishe anwani yake. Ukishafanya hivyo, peleka kiungo Reddit, Pinterest au kwenye magrupu ya WhatsApp ya waliomaliza sekondari, kisha ubaki hapo ujibu maswali. Tovuti za kuhifadhia viungo zitaendelea kuja na kuondoka, lakini ukurasa unaomsaidia kijana kuamua maisha yake utapata wa kuutunza popote.