Mdai Asiyelipika: Kisasi, Wazimu na Nafsi katika Fasihi ya Marekani, 1846–1851

Katika muda wa miaka mitano tu, waandishi watatu wa Marekani walitoa kazi tatu ambazo hadi leo zahesabiwa miongoni mwa nguzo za fasihi ya nchi hiyo. Edgar Allan Poe alichapisha hadithi fupi iitwayo The Cask of Amontillado mwaka 1846. Nathaniel Hawthorne akatoa riwaya ya The Scarlet Letter mwaka 1850. Na Herman Melville akafuatia na Moby-Dick mwaka 1851, riwaya aliyoitunuku kwa Hawthorne. Katika kila moja yumo mtu aliyedhulumiwa, au aaminiye kwamba amedhulumiwa, ambaye ameyafanya maisha yake kuwa safari ya kulipa kisasi. Ni rahisi kummaliza mtu huyo kwa neno moja, mwendawazimu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba neno hilo halitoshi, na kwamba likitumiwa bila hadhari humwondolea mhusika dhima ya matendo yake.

Yafaa tuanze na istilahi zenyewe. Neno kisasi asili yake ni Kiarabu, qisas, lenye maana ya malipo yaliyo sawa na kosa wala hayazidi. Kitenzi tulichozoea kukiambatisha nalo ni kulipa. Kwa hiyo katika Kiswahili kisasi kina sura ya deni: yuko mdai, yuko mdaiwa, na kuna kiasi, deni likiisha, kila mmoja hushika njia yake. Msomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare aliyoitoa Julius Nyerere mwaka 1969, atakumbuka kwamba hata Shylock, pamoja na ukali wake wote, anacho kipimo. Anadai ratili moja ya nyama, na kipimo hicho hicho ndicho kinachomshinda mbele ya hakimu. Wadai wa Poe, Hawthorne na Melville wamepotewa na kipimo, na hapo ndipo msiba wao unapoanzia.

Montresor, msimulizi wa Poe, adai kwamba alivumilia madhara mengi ya Fortunato mpaka alipotukanwa. Tusi lenyewe halitaji. Badala yake anaweka masharti ya kisasi kamili: mlipaji asiadhibiwe kwa alilotenda, na mkosaji amtambue anayemlipa. Basi usiku wa sherehe za kanivali anamrairai Fortunato, ambaye amekwisha kulewa, kwa ahadi ya mvinyo adimu, anamshusha katika mapango ya wafu chini ya nyumba yake, anamtia minyororo, na kumjengea ukuta angali hai. Kila hatua imepimwa. Watumishi wameondoshwa nyumbani kwa hila, na mwiko wa mwashi umefichwa ndani ya joho. Akili hii haikuvurugika hata kidogo. Lakini ingawa Fortunato anamwona muuaji wake, hatuoni popote kwamba amelijua kosa analolipia. Na nusu karne baadaye Montresor angali anasimulia. Mtu aliyelipwa deni lake hana haja ya kulihesabu upya baada ya miaka hamsini.

Ikiwa Poe anatuonyesha deni lisilotajwa kiasi, Hawthorne anatuonyesha mdai asiyetaja jina. Mume wa Hester Prynne anafika Boston, katika karne ya 17, na kumkuta mkewe amesimamishwa jukwaani mbele ya umati, mtoto mikononi, na kifuani herufi A nyekundu, alama ya uzinzi. Anamtaka aape kwamba hatamtambulisha kwa mtu yeyote. Tangu hapo anajiita Roger Chillingworth. Kwa jina hilo la kujitwalia anakuwa tabibu wa mchungaji Arthur Dimmesdale, ambaye ndiye baba wa mtoto. Anakaa naye nyumba moja, na kumtesa pole pole kwa kisingizio cha kumtibu. Hapo awali Chillingworth alikuwa mwanachuoni mtulivu. Sasa akiri mwenyewe mbele ya Hester kwamba amegeuka shetani. Dimmesdale anapoungama hadharani na kufa, Chillingworth anasinyaa, na mwaka haupiti kabla naye hajafa. Jina alilobaki nalo lilikuwa limeundwa kwa kazi moja tu. Kazi ilipokwisha, hapakuwa na mtu wa kuendelea kuitwa kwalo.

Melville aliipanua dhamira hii mpaka ikawameza watu wengi. Ahab, nahodha wa merikebu Pequod ya Nantucket, alikatwa mguu na nyangumi mweupe. Starbuck, msaidizi wake wa kwanza, anamkabili kwa hoja mbili: kwamba ni kufuru kumlipiza kisasi mnyama asiyejua alitendalo, na kwamba kisasi hicho hakitaleta mapipa mengi ya mafuta sokoni. Maana yake ni kwamba deni hili halina mdaiwa, kwani nyangumi hawezi kulikiri kosa wala kulilipa. Hata hivyo Ahab anaisoma ramani, anapima mikondo ya bahari na majira ya nyangumi, anapigilia sarafu ya dhahabu mlingotini ili kuwatia mabaharia tamaa, na kuwalisha kiapo. Ahab mwenyewe atambua kwamba njia zake zote ni za mtu mwenye akili timamu; wazimu umo katika lengo.

Hapa Kiswahili kinatutia katika tatizo lenye faida. Neno wazimu lina uhusiano na mzimu. Twasema fulani amepandwa na wazimu, au ameingiwa na wazimu, kana kwamba kitu kutoka nje kimemkalia. Aliyepandwa huhurumiwa, hahukumiwi. Msemo huu wamfaa sana Pip, kijana Mweusi katika merikebu hiyo hiyo, aliyeachwa peke yake katikati ya bahari wakati wa mawindo na akaokolewa akili zake zikiwa zimekwenda. Pip hakuchagua lililompata. Ahab anamshika mkono, anamtia chumbani mwake, na anahisi kwamba huruma hii yaweza kumponya. Kwa sababu hiyo hasa anamwacha: hataki kupona kabla hajamuua nyangumi. Nahodha wa merikebu Rachel naye anamsihi amsaidie kumtafuta mwanawe aliyepotea baharini, na Ahab anakataa vilevile.

Mtu aionaye dawa na kuisukuma mbali hakupandwa na kitu. Mfasiri au mwalimu atakayetumia neno moja kwa Pip na kwa Ahab atakuwa amefuta tofauti ambayo riwaya nzima imeegemea. Kwa hali ya Ahab twapendekeza neno kani, kwa maana yake ya kushikilia jambo kwa nguvu bila kulegea. Ni neno linalobakiza utashi kwa mwenyewe, na pamoja na utashi, lawama. Ni kweli kwamba, siku chache kabla ya mwisho, Ahab anajiuliza kama ni yeye mwenyewe auinuaye mkono wake au ni nguvu nyingine. Swali hilo ni la dhati, lakini laulizwa na mtu ambaye bado angeweza kuamuru merikebu igeuzwe, na Starbuck yu ubavuni pake akimwomba afanye hivyo.

Baada ya mawindo ya siku tatu Pequod inazama na watu wake. Anaokoka Ishmael peke yake, akielea juu ya jeneza la rafikiye Queequeg, mpaka anapookotwa na Rachel, ambayo ingali ikitafuta waliopotea. Mabaharia hao hawakuwa na deni lolote kwa nyangumi. Waliuawa na akili iliyofanya kazi barabara kwa kumtumikia mdai mmoja. Mwanafunzi aandikapo kwamba Ahab alikuwa mwendawazimu, hatuna budi kumrudisha kwa watu hao na kumtaka aeleze nani atakayejibu kwa ajili yao.