Mbwa mwitu wa Colorado na hasara isiyo na mzoga

Novemba 2020 wapigakura wa jimbo la Colorado, Marekani, waliulizwa kama mbwa mwitu wa kijivu warudishwe milimani, walikotoweka tangu miaka ya 1940. Waliosema ndiyo walikuwa karibu asilimia 51 tu. Kura zao nyingi zilitoka Denver, Boulder na miji mingine ya mashariki, ilhali sheria iliagiza wanyama hao waachiliwe magharibi, penye malisho ya watu ambao wengi wao walikataa. Asiyelitazama hilo atadhani wafugaji wanamchukia mnyama tu.

Watetezi wa mbwa mwitu husema ng'ombe wanaouawa nao ni wachache mno wakilinganishwa na wanaokufa kwa magonjwa, baridi na uzazi mgumu. Ni kweli. Lakini hesabu ya jimbo zima haimlipii mkopo mfugaji ambaye kundi la mbwa mwitu limezaa kando ya malisho yake. Ranchi nyingi hazipotezi hata ndama mmoja. Chache hushambuliwa tena na tena.

Kisha ipo hasara isiyo na mzoga. Kiangazi ng'ombe hupandishwa milimani kwenye ardhi ya umma, wakazagaa huko miezi kadhaa bila boma la kulala wala mchungaji wa kushinda nao. Ndama akiuawa Julai, huenda asigundulike hadi mifugo ihesabiwe msimu wa vuli. Hata mzoga ukipatikana, mkaguzi huuchuna akitafuta damu iliyovilia chini ya ngozi, maana aliyeng'atwa akiwa hai huvilia damu, aliyeliwa akiwa amekwisha kufa havilii. Siku chache za jua, dubu na kunguru zinatosha kuufuta ushahidi huo.

Mifugo iliyosalia nayo haitulii. Utafiti wa Montana magharibi uliochapishwa 2014 uligundua kwamba katika ranchi zilizothibitika kushambuliwa, ndama walipungua uzito kwa wastani wa kilo 10 hivi. Ng'ombe waliokwisha kukimbizwa na mbwa mwitu huwageukia hata mbwa wa kuchungia, na kuwaswaga inakuwa kazi ya hatari.

Desemba 2023 Colorado iliachilia mbwa mwitu 10 kutoka Oregon, baadhi yao wakiwa wametoka katika makundi ambayo tayari yalijulikana kwa kuua mifugo. Mfugaji gani angenyamaza? Aprili iliyofuata, ndama wa kwanza aliuawa na mbwa mwitu hao katika kaunti ya Grand. Jimbo hulipa fidia hadi dola 15,000 kwa kila mnyama, kutoka mfuko uliotengewa dola 350,000 kwa mwaka. Machi 2025 tume ya wanyamapori iliidhinisha zaidi ya dola 340,000 kwa wafugaji wawili tu, na sehemu kubwa ilikuwa ya uzito uliopungua, mimba zilizokosekana na mifugo iliyopotea bila kuonekana. Karibu fungu la mwaka mzima!

Wafugaji nao hutia chumvi wanaposema ufugaji utakwisha. Montana na Wyoming zimeishi na wanyama hawa hasa tangu mbwa mwitu 31 kutoka Kanada walipoachiliwa Yellowstone mwaka 1995 na 1996, na ng'ombe bado wanauzwa. Zipo kinga: kamba zenye vitambaa vyekundu vya kuwatisha mbwa mwitu, ingawa huvizoea baada ya muda. Wapo mbwa walinzi, na wapo wapanda farasi wa kuzunguka na mifugo, ambao kwangu ndio kinga bora, kwa kuwa mtu akiwapo mzoga huonekana mapema. Ila mtu huyo anahitaji mshahara, na mpango wa jimbo wa kuwaajiri ulianza 2025, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mbwa mwitu kufika.

Jimbo lilipaswa kuanza na wapanda farasi na mfuko wa kutosha, ndipo lifungue vizimba. Gharama hiyo ni ya walipa kodi wote wa Colorado, na wa Denver wakiwa mbele, kwa kuwa wao ndio waliosema ndiyo kwa wingi.