Hisa za Magari ya Umeme: Tuyapime Vipi Maneno ya Wawekezaji?



Tumepokea swali ambalo kwa muhtasari linasema hivi: Mama yetu ameuza karafuu za msimu huu na pesa ameziweka za kumalizia nyumba. Kaka yetu aliyeko Muscat anataka zitiwe katika hisa za kampuni za Marekani zinazotengeneza magari ya umeme. Kila siku anatuletea kwenye simu maneno ya wawekezaji: kampuni hii ina betri ya ajabu, ile itakufa karibuni. Je, inafaa? Na maneno hayo tuyaamini?

Swali hili lina pande mbili: hukmu ya hisa zenyewe, na uzito wa khabari zinazosemwa juu yake. Tutaanza na khabari, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakopotezea mali zao.

Khabari ihakikishwe

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Waumini wameamrishwa kwamba akiwajia mtu fasiki na khabari, basi wahakikishe, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Tuzingatie hapa: hawakuamrishwa kuikataa khabari moja kwa moja, wala kuikubali. Wameamrishwa kuihakikisha.

Na anayezungumza juu ya hisa mara nyingi ana maslahi yake. Aliyekwishanunua anataka wengine wanunue ili bei ipande. Mwengine ameazima hisa za mtu, akaziuza leo kwa bei kubwa, akingojea bei ishuke azinunue kwa rahisi, amrejeshee mwenyewe na faida abaki nayo. Huyu naye anataka kampuni isemwe vibaya. Wote wawili hujiita wachambuzi.

Lori lililoteremka lenyewe

Mfano ulio wazi ni kampuni ya Nikola ya Marekani, iliyoanzishwa na Trevor Milton kutengeneza malori ya umeme na ya haidrojeni. Mnamo Januari 2018 ilitoa video ikionyesha lori lake likienda kasi barabarani. Watu wakavutiwa. Juni 2020 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Nasdaq, na mwezi huo huo thamani yake sokoni ikaipita kwa muda kampuni kongwe ya Ford, ilhali Nikola ilikuwa haijamkabidhi mteja hata lori moja.

Tarehe 8 Septemba 2020 General Motors ikatangaza makubaliano ya kuchukua asilimia 11 ya Nikola. Siku mbili baadaye kampuni ya uchunguzi ya Hindenburg ikatoa ripoti kwamba lile lori la kwenye video halikuwa likienda kwa nguvu zake. Lilivutwa hadi juu ya mteremko, likaachiwa literemke. Milton akajiuzulu mwezi huo huo. Oktoba 2022 mahakama ya New York ikamtia hatiani kwa kuwadanganya wawekezaji, na Disemba 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Machi 2025 alisamehewa na Rais wa Marekani. Lakini kampuni ilikuwa imekwishaomba hifadhi ya kufilisika mwezi mmoja kabla, na msamaha wa Rais haukurudisha pesa za walionunua hisa. Waendesha mashtaka walieleza kwamba miongoni mwao walikuwemo watu wa kawaida, wengine wakinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani.

Tuangalie jambo moja. Hindenburg nao walikuwa wamejiweka upande wa kufaidika bei ikishuka. Walikuwa na maslahi, na khabari yao juu ya lile lori ilikuwa ya kweli. General Motors ni kampuni kubwa yenye mafundi wengi, na ilikuwa imekwishatangaza kuingia. Basi ukubwa wa msemaji hautoshi kuwa dalili, na maslahi ya msemaji hayatoshi kuwa sababu ya kumkadhibisha. Kinachotazamwa ni ushahidi wenyewe.

Na waliotabiri kifo pia walikosea

Asije mtu akadhani kwamba mwenye kusema vibaya ndiye mwenye akili siku zote. Kampuni ya Tesla, ilipoanza kutengeneza gari ya Model 3 mwaka 2017, ilikwama sana kiwandani. Wengi waliapa kwamba itafilisika, na mkuu wake Elon Musk alikuja kukiri baadaye kwamba walikaribia kufilisika kweli. Lakini mwaka 2020 ukawa mwaka wake wa kwanza mzima wa faida, na waliocheza dhidi yake wakapata hasara kubwa.

Hata hivyo, Agosti 2018 Musk mwenyewe aliandika kwamba amepata pesa za kuzinunua hisa zote za kampuni kwa dola 420 kila moja. Bei ikaruka, na mpango ule haukutimia. Msimamizi wa masoko wa Marekani alimfungulia shauri, na likamalizwa kwa yeye kulipa dola milioni 20 na kampuni kulipa kiasi hicho hicho.

Ubora wa gari hauonekani katika bei

Maneno ya wawekezaji huchanganya mambo matatu: teknolojia, uimara na bei. Kila moja lina mizani yake.

Teknolojia hupimwa na mafundi. Kwa mfano, betri za chuma na fosfeti ni rahisi zaidi na si nyepesi kushika moto, lakini kwa uzito ule ule hubeba umeme mchache kuliko zile za nikeli. Kila aina ina faida na upungufu wake, na anayekwambia betri fulani haina kasoro yoyote anakuuzia kitu.

Uimara huonyeshwa na muda na wingi wa magari barabarani. General Motors iliuza Chevrolet Bolt kuanzia mwisho wa 2016. Hadi kufikia 2021 ililazimika kuyaita Bolt yote, zaidi ya 140,000, kwa hatari ya moto iliyotokana na kasoro ndogo ndani ya seli za betri zilizotengenezwa na LG. Hakuna mwekezaji aliyeweza kuiona kasoro ile kwa macho. Nikola nayo mwaka 2023 iliyaita malori yake 209 ya betri baada ya moto.

Ama bei, hiyo ni matumaini ya watu kwa siku hiyo. Gari nzuri inaweza kuwa na hisa iliyouzwa ghali kupita kiasi.

Hukmu ya hisa

Majma'ul Fiqh iliyokutana Jeddah mwaka 1992 iliamua kwamba kushiriki katika kampuni yenye kazi ya halali kunajuzu, na kwamba asli ya kampuni yenye kuamiliana na riba ni haramu, hata kama kazi yake ni halali. AAOIFI, taasisi ya viwango iliyoko Bahrain, imeruhusu kwa masharti. Miongoni mwake ni kwamba mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, pato la haramu lisizidi asilimia 5, na sehemu hiyo ya haramu itolewe. Kutengeneza gari ni kazi ya halali, lakini kampuni hizi nyingi hukopa kwa riba, kwa hiyo kila moja itazamwe peke yake.

Kuuza hisa usizozimiliki hakujuzu, kwani Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wasallam) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Na kusifia hisa kwa uongo ili bei ipande ni ghushi, na kunaingia katika maana ya najash iliyokatazwa. Anayesambaza maneno hayo bila kuhakikisha naye ajihadhari.

Nasaha kwa familia

Pesa hizi ni za mama. Bila ya ridhaa yake, baada ya kuelezwa wazi kwamba zinaweza kupotea zote, hana mtu ruhusa ya kuzigusa, awe kaka au mwengine. Kaka aulizwe kwa heshima: kampuni imekwishauza magari mangapi? Inapata faida au inaishi kwa kukopa? Anayeisifia ana hisa ngapi? Akikosa majibu, basi hiyo bado ni uvumi.

Na kwa kuwa pesa zimewekwa za nyumba, rai yetu ni kuwa zibaki za nyumba. Kaka akipenda, atie za kwake, kiasi ambacho kikipotea hakitamlazimisha kukopa, baada ya kumuuliza mwanachuoni anayejua mambo ya masoko kuhusu kampuni anayoikusudia.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali, na ailinde mali ya wazee wetu.

Wallahu A'lam.