Shingo ya Askari na Teke la Bunduki
Katika Pori la Akiba Maswa, mashariki ya Bariadi, askari wa wanyamapori mwenye maradhi ya shingo huelemewa mara mbili: na uzito wa bunduki na teke lake. Kwa risasi ileile, bunduki nzito hupunguza teke, lakini mkanda wake huchosha shingo doria nzima. Katika bunduki za uzito sawa, teke la risasi ya .308 halifikii nusu ya lile la .458, basi ndiyo ifaayo mazoezi ya shabaha. Haimfai tembo, hivyo zamu hiyo apewe mwenzake mzima. Mpira kitakoni hulainisha pigo. Ganzi mikononi, miguu kulegea au mkojo kutozuilika havivumiliwi: aende hospitalini siku hiyohiyo.