Kati ya Rufaa na Majibu

Kwa mwanamke wa Mbagala au Tegeta, maneno mawili kwenye karatasi ya rufaa yanatosha kumlegeza magoti: Ocean Road. Alikwenda kituo cha afya akiwa mzima. Pengine alifuata uzazi wa mpango, pengine alimpeleka mtoto chanjo, nesi akamwambia, "Mama, leo tunapima na saratani ya mlango wa kizazi. Ni bure, na hutachukua muda." Akapanda kitandani bila wasiwasi. Ameshuka na karatasi mkononi, na katika jiji la Dar es Salaam kila mtu anajua, au anadhani anajua, watu wanaopelekwa Ocean Road ni watu wa namna gani.

Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Hospitali ile ya ufukweni ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa sheria ya Bunge. Kwa miaka mingi ndipo mahali pekee nchini palipotolewa tiba ya mionzi. Wagonjwa wengi wa saratani ya mlango wa kizazi walifika pale ugonjwa ukiwa umeshasambaa, kwa sababu hakuna aliyewapima kabla ya damu kuanza kutoka. Mtaani watu waliona jirani akipelekwa, kisha wakaona turubai la msiba. Wasichokiona ni kwamba taasisi hiyohiyo ina kliniki ya uchunguzi, na wanawake wanaoketi kwenye mabenchi yake wengi hawaumwi kitu. Wamekuja kupimwa, au wamepewa rufaa na kituo cha pembezoni ili waangaliwe kwa vifaa bora zaidi.

Ninaandika kuhusu siku zilizo kati ya karatasi hiyo na majibu. Ninaamini kwamba hofu ya siku hizo ni suala la kitabibu kama lilivyo suala la siki, taa na mashine, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mwanamke atafika kliniki au atabaki nyumbani. Tunaiacha mikononi mwake peke yake.

Tuanze na siki, maana hofu nyingi huanzia kwenye neno "chanya".

Kipimo kilichozoeleka katika vituo vyetu hakihitaji maabara. Nesi anafungua njia ya uzazi kwa kifaa, anaupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, yaani siki, anasubiri kama dakika moja, kisha anaangalia kwa taa. Seli zilizoanza kubadilika zina viini vikubwa na protini nyingi. Asidi hugandisha protini hizo kwa muda, mwanga ukashindwa kupenya na kurudishwa nyuma, na sehemu hiyo ikaonekana nyeupe. Baada ya dakika chache weupe unayeyuka wenyewe. Mimi naona huu ni mmoja wa uvumbuzi wenye huruma zaidi katika tiba: kitu cha jikoni kinampa mwanamke majibu kabla hajavaa. Na kinaokoa maisha kweli. Katika jaribio kubwa lililofanyika Dindigul, kusini mwa India, na kuchapishwa mwaka 2007, kupimwa kwa siki mara moja tu, na kutibiwa waliohitaji, kulipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 35.

Lakini siki haijui kutofautisha sana. Weupe unaweza kuletwa na mabadiliko ya awali ya saratani, na pia na maambukizi ya kawaida, na mchubuko unaopona, na hata ule ugeukaji wa seli unaotokea katika kila mlango wa kizazi kwa miaka ya kuzaa. Hapa Pwani kuna kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake hukwama kwenye nyama ya mlango wa kizazi na kuacha mabaka yanayoweza kumchanganya hata mpimaji mzoefu. Chanya ya siki, kwa hiyo, inasema jambo moja: kuna sehemu inayotaka kuangaliwa vizuri. Wengi wa wanaopata jibu hilo hawana saratani.

Rufaa nayo ina sababu zake, na si zote zinatisha. Huenda baka jeupe limechukua zaidi ya robo tatu ya mlango wa kizazi, au limeingia ndani ya mfereji ambako tiba ya kituoni haifiki. Huenda mashine ya kituo ya kutibu kwa kugandisha ni mbovu au gesi yake imekwisha. Na huenda kweli nesi ameona kitu kinachofanana na saratani, na hapo haraka inatakiwa. Mwanamke ana haki ya kuuliza kabla hajaondoka: "Dada, unanipeleka huko kwa sababu gani hasa?" Nesi anaweza kumjibu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo itakayokuwa naye usiku.

Jambo la pili la kumwambia ni muda.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinaanzishwa na kirusi cha HPV. Harald zur Hausen, Mjerumani aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina mbili za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Watu wengi wanaofanya tendo la ndoa hukipata wakati fulani maishani, na kwa walio wengi mwili hukifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kikigoma kutoka, bado safari ya kufikia saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke anayeishi na VVU, hasa asiyetumia dawa, safari hiyo inaweza kufupika hadi miaka 5 hadi 10, na hatari yake ni kama mara sita ya wengine. Ndiyo maana yeye anapimwa akiwa na umri mdogo zaidi na mara nyingi zaidi.

Tunajua mengi ya hayo kwa njia ambayo haikupaswa kuwepo. Katika hospitali moja ya wanawake huko Auckland, New Zealand, daktari aitwaye Herbert Green aliamini kwamba mabadiliko ya awali hayageuki kuwa saratani, na tangu miaka ya 1960 baadhi ya wanawake waliachwa bila tiba kamili wala kuelezwa. Uchunguzi wa serikali uliuanika uovu huo mwaka 1988. Watafiti waliopitia mafaili yale baadaye, wakachapisha mwaka 2008, walitazama wanawake waliokuwa na daraja la juu kabisa la mabadiliko ya awali. Kati ya wale ambao hawakutibiwa ipasavyo, asilimia 31 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kati ya waliotibiwa, asilimia 0.7.

Nimezisoma tarakimu hizo mara nyingi na kila mara zinanigusa upya, kwa ajili ya wanawake wale na kwa ajili ya wetu. Zinamwambia mwanamke mwenye karatasi ya rufaa kwamba wiki tatu za kusubiri miadi hazibadilishi kitu katika ugonjwa unaohesabiwa kwa miaka. Zinamwambia pia kwamba kutokwenda kabisa ni kamari mbaya mno. Nchini kwetu makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,500. Aliyeambiwa kuna kitu kinachofanana na saratani, au mwenye dalili, yaani damu baada ya tendo la ndoa, damu baada ya kukoma hedhi, au majimaji yenye harufu kali yasiyopona, asisubiri tarehe. Aende mapema.

Sasa hofu yenyewe. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Theresa Marteau, na wenzake waliwapima wasiwasi wanawake waliopewa rufaa ya kuangaliwa mlango wa kizazi, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Wasiwasi wao ulilingana na wa watu wanaosubiri upasuaji kesho yake, au ukauzidi. Ulikuwa uchunguzi wa dakika chache, tena kwa wanawake ambao wengi wao hawakuwa na ugonjwa wa hatari. Mama wa Chamazi anayeamka saa tisa usiku moyo ukienda mbio asijione dhaifu.

Ubongo ukishatambua hatari, mwili unamwaga adrenalini na kotisoli, misuli inakaza, tumbo linavuruga, usingizi unakatika. Halafu umakini unageukia ndani. Kichomi cha kiunoni ambacho mwezi uliopita kingelaumiwa ndoo za maji leo kinakuwa ushahidi. Maumivu ya kawaida ya hedhi yanakuwa ushahidi. Mwenye hofu anajikagua, anauliza, anatafuta kwenye simu, na hapo yanatokea aliyoyaeleza mwanasaikolojia Paul Salkovskis na mwenzake mwaka 1986: kila anapohakikishiwa, anatulia kidogo, kisha shaka inarudi ikiwa na njaa zaidi. Simu ndiyo mbaya kuliko vyote, kwa sababu haimjui. Ukiiuliza kuhusu maumivu ya kiuno haitakuuliza kama umebeba ndoo.

Basi afanye nini? Kuambiwa "usiwe na mawazo" hakujawahi kumwondolea mtu mawazo. Njia moja iliyojaribiwa ni ya mwanasaikolojia Thomas Borkovec wa Marekani, ambaye mwaka 1983 aliwataka watu wenye wasiwasi wautengee nusu saa kwa siku, mahali palepale na saa ileile, na ukija wakati mwingine wauahirishe hadi saa yake. Kwa mama lishe wa Tandika saa hiyo inaweza kuwa jioni baada ya kuosha vyombo. Anakaa, anaandika maswali yake kwenye daftari, anafunga daftari. Maswali hayo ataenda nayo kliniki. Lingine ni kuchagua mtu mmoja wa kumwambia, dada, shoga wa kikoba, wifi anayeaminika, atakayepanda naye daladala siku ya miadi. Mmoja anatosha. Kikundi kizima kikijua, kila mmoja ataleta kisa cha shangazi yake. Na kama wiki mbili zimepita hali chakula, hapati usingizi, kazi haziendi, hospitali za Temeke, Mwananyamala na Amana zina huduma za afya ya akili, na kwenda huko ni sehemu ya matibabu yake.

Kuna hofu nyingine isiyosemwa kwa nesi: mume. HPV hupita kwa kujamiiana, na habari hiyo ikifika nyumbani bila maelezo inasikika kama shtaka. Nani kakuletea? Au wewe ulikuwa wapi? Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu limevunja amani za nyumba bila sababu. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini wala kilitoka kwa nani, kama ni kabla ya ndoa au baada yake, kwa mume au kwa mke. Na siki haipimi kirusi hata kidogo. Inaonyesha seli tu. Mume akija kliniki na kulisikia hili kwa mtaalamu, mambo mengi yanatulia, na atahitajika, maana baada ya tiba wanandoa hushauriwa kuacha tendo la ndoa kwa takriban wiki nne, au kutumia kondomu.

Siku ya miadi kuna mambo machache. Ataangaliwa tena, pengine kwa darubini inayokuza mlango wa kizazi huku ikibaki nje ya mwili, na pengine atachukuliwa kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Kuchukua kinyama hakusambazi saratani, wala hakumaanishi kutolewa kizazi. Mabadiliko ya awali yakithibitika, yanaweza kugandishwa kwa baridi kali dakika tatu, kuachwa tano, kugandishwa tatu tena. Au kuchomwa kwa ncha yenye joto la nyuzi 100 kwa sekunde chache, mara nyingi bila hata ganzi, maana mlango wa kizazi hauna hisia kali za joto. Au kukatwa kwa waya wa umeme baada ya ganzi. Kwa kawaida anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Majimaji mengi yatamtoka kwa wiki kadhaa, na asipoonywa atadhani ndiyo saratani imeanza. Mapitio ya tafiti yamebaini pia kwamba muziki ukipigwa chumbani wakati wa uchunguzi wa darubini, wasiwasi na maumivu hupungua. Redio ndogo tu.

Kisha anatakiwa kurudi baada ya mwaka, na hapa ndipo tunapowapoteza. Watafiti wa Tanzania na Denmark waliwafuatilia wanawake zaidi ya 700 waliokutwa na HPV ya hatari katika Ocean Road na katika hospitali za Mawenzi na KCMC mkoani Kilimanjaro. Nusu yao walitumiwa ujumbe wa simu wa kuwaelimisha na kuwakumbusha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuwa ya kuhuzunisha: walirudi karibu robo tu, na kundi lililotumiwa ujumbe halikulizidi lile ambalo halikutumiwa.

Ujumbe ule ulikuwa wa upande mmoja. Mwanamke hakuweza kuujibu. Hakuweza kuuliza kama majimaji yale ni ya kawaida, kama mume anaweza kuja naye, kama akitoka Bunju atahudumiwa dirisha moja au atazungushwa siku nzima. Ninavyoona mimi, pengo liko hapo. Mwanamke anayepewa rufaa aondoke na sababu iliyoandikwa kwa Kiswahili, tarehe, chumba cha kwenda, na namba ya nesi atakayepokea simu. Kituo cha Mbagala au cha Bunju hakihitaji mashine mpya kwa hilo. Kinahitaji nesi apewe muda wa dakika tano kwa kila rufaa, na vocha ya simu.