Pikapu ya Mlimani Hupimwa kwenye Mteremko

Katika wilaya ya Same pikapu si chombo cha anasa. Ni jembe la pili la nyumba. Mkulima wa tangawizi wa Mamba, mwenye migomba na kahawa wa Chome, mwenye duka wa Hedaru na mfugaji wa tambarare za Makanya, wote hulitazama gari hilo dogo lenye bodi nyuma kwa jicho moja. Litashusha mazao sokoni, litarudi na saruji na sukari, na usiku wa manane mwenyewe atagongewa mlango ili ampeleke hospitali mama aliyeshikwa na uchungu. Ndiyo maana swali la gari lipi ni la kutegemewa haliishii gereji. Huulizwa nyumbani, baina ya baba na mama, kabla ng'ombe hawajauzwa au mkopo haujachukuliwa.

Anayetaka kulijibu swali hilo sharti aijue kwanza nchi yenyewe. Mji wa Same umekaa mahali pasipofika mita 900 juu ya usawa wa bahari, pakavu, penye vumbi na upepo. Juu yake milima ya Upare ya Kusini hupanda hadi kilele cha Shengena, karibu mita 2,460. Upande wa kaskazini, katika wilaya ya Mwanga, iko milima ya Usangi na Ugweno. Baina ya tambarare na vijiji vya juu njia hupanda kwa kona baada ya kona, kiangazi zikiwa na vumbi, masika na vuli zikiwa na utelezi. Gari lile lile huondoka asubuhi katika joto la nyika na kufika mchana katika ukungu. Njia ya namna hii haidanganyiki kwa rangi nzuri wala kwa jina kubwa.

TANGU ENZI ZA LAND ROVER

Wazee wa Upare wanaikumbuka Land Rover 109, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya inchi 109 zilizopo baina ya ekseli yake ya mbele na ya nyuma. Katika miaka ya 1970 ziliongezeka Peugeot 404, Datsun, na Toyota Hilux ambayo ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968. Hilux za mwanzo zilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ile ya kuvuta kwa magurudumu yote manne ilitoka mwaka 1979, na kwa mtu wa mlimani tofauti hiyo si ndogo pindi mvua inapoanza kunyesha.

Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zikakauka nchini, na vipuri vikaadimika. Magari mengi yaliwekwa juu ya mawe, na si kwamba yalikuwa mabovu. Yalikosa tairi, betri, au kijipira cha breki cha bei ndogo. Mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoingia kwa wingi. Waliopita katika miaka hiyo walijifunza jambo ambalo lingali kweli hata leo: gari la kutegemewa ni lile ambalo kipuri chake kinapatikana. Uimara wa kiwandani haumsaidii mtu aliyekwama Mbaga ikiwa kifaa anachokihitaji hakipo Same wala Moshi.

Siku hizi, kando ya Hilux na wenzake, imeenea ile Suzuki Carry ambayo Watanzania wameibandika jina la kirikuu. Ni gari lililobuniwa kwa ajili ya vichochoro vya Japani. Injini yake aghalabu haizidi sentimita za ujazo 660, na mzigo uliokusudiwa kwake ni kilo 350. Linakunywa mafuta kidogo na bei yake inafikika, lakini anayelipeleka mlimani na magunia saba ya kilo 100 amelibebesha mara mbili ya nguvu zake. Likivunjika, asiseme kwamba kirikuu si gari.

KUPANDA HUUA KWA JOTO

Ukiwasikiliza wenye pikapu wakisimuliana mikasa yao, utagundua kwamba visa vingi vya mlimani ni viwili tu vinavyorudiwa kwa maneno tofauti. Cha kwanza ni joto la injini wakati wa kupanda.

Gari lenye mzigo likipanda kwa gia ya kwanza au ya pili huenda polepole, na upepo unaoingia mbele ni haba, ilhali injini inafanya kazi yake kubwa kuliko zote. Hapo uhai wake hutegemea maji ya rejeta, feni, na mkanda mmoja wa mpira. Rejeta iliyojaa vumbi la tambarare au kutu ya maji ya kisima haipozi. Mwenye gari huona mshale wa joto ukipanda, hujisemea kwamba kijiji hakiko mbali, na huendelea. Kilomita hizo chache hukipinda au kukipasua kichwa cha injini, na fedha ya msimu mzima wa mazao hubaki kwa fundi.

Dawa yake si kubwa. Rejeta isafishwe kabla ya msimu wa kuvuna. Maji yatiwe pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Mpira unaovuja ubadilishwe siku ileile, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mshale ukipanda, dereva asimame na kuacha injini ipoe yenyewe. Asifungue kifuniko cha rejeta ikingali moto, kwani maji yale hurusha mvuke unaobabua uso.

Hali kadhalika, vumbi la njia za Same huziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyoeleza, maana kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya Kisiwani wala Ruvu. Moshi mweusi na mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya tatu kugeuka kuwa wa gia ya pili ni dalili za kutazamwa mapema.

KUSHUKA HUUA WATU

Kisa cha pili ni breki, na hiki ndicho kizito zaidi. Gari likishindwa kupanda, watu hushuka wakasukuma. Likishindwa kusimama kwenye mteremko, hakuna wa kulisukuma.

Natufanye hesabu ndogo. Pikapu yenye uzito wa tani mbili na nusu pamoja na mzigo wake, ikiteremka mita 800 kutoka mlimani hadi tambarare, hutoa nguvu ambayo yote lazima igeuke joto mahali fulani. Joto hilo latosha kuchemsha karibu ndoo tatu za maji za lita 20. Dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo hulipeleka joto hilo lote kwenye vitambaa na ngoma za breki. Vitambaa vikichomeka huteleza. Na ikiwa oili ya breki ni ya zamani na imefyonza unyevu, huchemka ndani ya mabomba yake na kutoa mvuke. Hapo pedali huzama hadi chini pasipo kushika kitu.

Kwa sababu hiyo madereva wazoefu wa Upare hushika kanuni ya kushuka kwa gia ile ile ambayo wangeitumia kupandia. Injini ndiyo huzuia gari, nayo breki huguswa kwa muda mfupi na kuachwa ipoe. Anayeachia gari bila gia ili kuokoa dizeli huokoa kikombe na kuhatarisha maisha. Akizima injini kabisa hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki huishiwa nguvu.

Liko jambo jingine ambalo wenye pikapu za dizeli wengi hawakuambiwa. Katika injini nyingi za Kijapani za aina hiyo, pampu inayotoa msaada wa breki imefungwa nyuma ya altaneta, nayo altaneta huzungushwa na mkanda. Mkanda ukikatika, taa ya betri huwaka, na dereva hudhani tatizo ni la umeme tu. Kumbe na breki nazo zinaelekea kuwa nzito kama jiwe. Taa hiyo ikiwaka mlimani, simama mapema mahali palipo salama.

Tairi nazo zisisahauliwe. Wakazi wa Same hawajasahau tarehe 28 Juni 2025, basi kubwa na basi dogo yalipogongana katika eneo la Sabasaba na kuwaka moto, watu zaidi ya 35 wakapoteza maisha. Taarifa za awali zilitaja tairi iliyopasuka. Yale yalikuwa mabasi, lakini tairi haichagui. Tairi kipara ya pikapu iliyojazwa kupita kiasi, katika joto la barabara kuu, ni hatari ile ile.

MZIGO WA GARI NA ULE WA HESHIMA

Pikapu ya kawaida hutengenezwa ibebe takriban tani moja, yaani magunia kumi ya kilo 100. Mizani ya wengi huishia hapo, wakasahau kwamba watu nao wana uzito. Watu 12 waliokaa juu ya magunia huongeza kilo 700 au zaidi, tena juu kabisa, mahali panapolifanya gari lilale kwenye kona. Gari la mizigo halikupewa leseni ya kuwa basi.

Tatizo ni kwamba kijijini mwenye pikapu ni mtoto wa watu. Shangazi akisimama njiani na mzigo wake wa ndizi, ni vigumu kumpita. Mjomba akiomba lifti ya kwenda msibani, nani atamkatalia? Hata hivyo, kumwambia shangazi kwamba gari limejaa na kwamba utamrudia si utovu wa adabu. Ukimpakia juu ya shehena iliyokwisha zidi, umemkosea yeye na watoto wake.

KABLA YA KUNUNUA

Familia inayotafuta pikapu iliyotumika isianze na jina la kiwanda. Ianze na maswali. Je, mafundi wa Same wanaijua injini yake? Je, vipuri vyake vipo dukani, vya kweli na si vya bandia? Kisha watazame chini ya gari mahali springi zinaposhikana na chasi, kwani pikapu iliyolemewa hupasukia hapo, na rangi mpya yaweza kuficha nyufa. Watazame pia kutu, hasa kwa magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji ambako chumvi humwagwa barabarani. Namba ya kilomita isiaminiwe peke yake. Liwashwe asubuhi likiwa baridi, kisha lipelekwe mlimani, lishuke likiwa na fundi ndani. Muuzaji anayekataa mteremko amekwisha kujibu.

Gharama ya pikapu haikomi siku ya kuinunua. Nyumba zinazodumu na magari yao huwa na daftari. Kila safari huandikwa, na kabla fedha haijagawanywa, sehemu ya kipuri huwekwa kando kama vile mbegu inavyowekwa kabla ya kula mavuno. Aghalabu mama ndiye mtunzaji mwema wa daftari hilo, kwa sababu yeye haoni haya kuuliza oili ilibadilishwa lini, na mkanda wa taimingi, ambao kwa injini nyingi huhesabiwa maisha ya kilomita 100,000, umekwenda ngapi. Oili ya breki nayo ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijalalamika.

Mabishano ya Hilux na Land Rover yataendelea vijiweni, na si vibaya, maana kila mtu hukisifu kilichomlisha. Lakini kabla ya kushuka, na uwe na gari lolote lile, simama pale juu penye tambarare. Kanyaga breki mara mbili uone kama pedali inashika, zitazame tairi zote nne, hesabu watu waliomo, kisha tia gia ya pili. Shughuli hiyo haimalizi dakika tano, wala haihitaji fundi.