Kovu la Moyo Lisilotokana na Mapenzi

Mioyo yenye makovu tumeiongelea sana kwenye kurasa hizi: kuachwa, kusalitiwa, kurudiana na wa zamani. Mwezi huu naongelea kovu la kweli, la nyama, na anayelileta ni presha.

Mume wangu ana miaka 38, kitambi hana, Jumapili yumo uwanjani na maveterani wenzake. Kipimo cha kazini kilisoma 160 kwa 100. Jibu lake? "Mbona siumwi?" Nikamng'ang'ania tukapime moyo kwa eko. Ukuta wa chumba cha chini kushoto ukakutwa na unene wa milimita 14, wakati wa mwanaume wa kawaida hauzidi 10 au 11.

Najua kuna jamaa watasema moyo mnene ndiyo moyo wenye nguvu. Wapi! Chumba hicho ndicho kinachosukuma damu mwili mzima, kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Presha ikiwa juu, kila msukumo unapambana na mishipa iliyokaza. Chembe za msuli zinanenepa, ukuta unakua, nafasi ya ndani inabanwa. Moyo wa mwanariadha nao hukua, lakini chumba chake hupanuka pia, na akipunguza mazoezi unarudi.

Halafu linakuja kovu. Katikati ya misuli kuna chembe ambazo kazi yake ni kutengeneza kolajeni, nyuzi zile zile zinazoziba kidonda cha ngozi. Mkazo wa kila siku, pamoja na homoni za angiotensini na aldosteroni, huzichochea zifanye kazi bila kupumzika, na nyuzi zinatanda kote. Moyo unakakamaa kama ngozi iliyolowa ikakaukia juani. Kusukuma unasukuma, ila haulegei vizuri kupokea damu. Ndiyo maana kipimo cha nguvu kinaweza kusoma asilimia 60, safi kabisa, na bado mtu anahema akipanda ngazi, miguu inavimba, usiku anaongeza mito. Mapigo nayo yanaweza kwenda shaghalabaghala, damu ikaganda, na kiharusi kikafuata. Kwa wengine, miaka ikipita, moyo huishia kutanuka na kulegea.

Habari njema ni kwamba unene hupungua presha ikidhibitiwa. Utafiti wa LIFE, uliotangazwa 2002, uliwafuata zaidi ya watu 9,000 wenye presha na dalili za moyo kunenepa. Waliopewa losartani walipungua unene kuliko wa atenololi, na viharusi vilikuwa pungufu kwa robo hivi. Kovu lenyewe ni bishi zaidi, kwa hiyo kuwahi ni muhimu.

Sasa tuje chumbani, maana ndiko vidonge vingi vinakofia. Wanaume huacha dawa kimya kimya wakiogopa kushindwa kazi. Ni kweli baadhi ya dawa, hasa za kundi la atenololi na zile za kukojoza, zinaweza kuleta shida hiyo. Lakini presha isiyotibiwa inaharibu mishipa hiyo hiyo anayoitegemea! Dawa hubadilishwa, kaka. Mwambie daktari, na mwambie mkeo kabla hajaanza kuhisi ana mwenzake nje.

Na wewe dada unayetafuta mtoto, kama unatumia losartani, enalaprili au kaptoprili, muone daktari kabla hujashika mimba. Dawa hizo zinaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Zipo nyingine salama zaidi, ila usiache mwenyewe tu.

Kwetu chumvi ya mezani imeondoka. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na kachumbari. Mashine ya kupimia tulinunua ya kufunga juu ya kiwiko. Tunapima asubuhi kabla ya chai na dawa, baada ya kukaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea na mkono uko mezani. Mimi pia napima.